Ishirini na Saba wa Mabawa

Ukimwuliza mtu wa mtaa wa Mabawa hali yake, tafuta kwanza pa kukaa. Atakwambia salama, kisha nzuri, kisha alhamdulillahi, halafu atakugeuzia kibao akuulize ya kwako, ya nyumbani, ya watoto na ya kazi. Mpaka mnaagana hutajua kama ameamka na homa au ameamka na harusi. Ndiyo maana Imakulata, siku alipokabidhiwa karatasi ya maswali tisa ya kupima huzuni za watu, alicheka mpaka mwenzake akamkanyaga mguu.

Imakulata ni mhudumu wa afya wa mtaa. Kabla ya hapo alikuwa mama wa maandazi, na mwili wake bado unatoa ushahidi. Anatembea na mwavuli wa bluu, mkoba wa begani na ndala nyekundu, na hakuna mlango wa Mabawa asioujua unalia vipi ukifunguliwa. Babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, baba yake akazaliwa Maramba, naye pia. Tabora yenyewe hajaiona hata kwa dirisha la basi. Lakini hapa mtaani ni Mnyamwezi, na atabaki Mnyamwezi mpaka siku ya kufukiwa.

Kazi ya karatasi ile haikuwa ngumu. Unamwuliza mtu mambo ya wiki mbili zilizopita: kama amekosa raha, kama ana huzuni, usingizi ukoje, nguvu zikoje, chakula kinapita, anajiona ameshindwa, akili inatulia, mwili umekuwa mzito au hautulii, na la tisa, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, kama amewaza kwamba afadhali afe. Akisema hapana unaandika sifuri. Siku kadhaa, moja. Zaidi ya nusu ya siku, mbili. Karibu kila siku, tatu. Unajumlisha. Juu kabisa ni ishirini na saba.

"Chini ya tano, mshukuru Mungu," Dokta Asheri aliwafundisha pale zahanati. Alikuwa tabibu, Mlutheri kutoka Lushoto, mwembamba, msafi, mwenye kupenda rejista kuliko chai. "Tano mpaka tisa, rudini mkamwangalie. Kumi kwenda juu, mleteni. Ishirini, au jibu lolote la swali la tisa lisilokuwa sifuri, usiondoke hapo, nipigie simu."

Rahisi kabisa, mpaka ulipoingia mwezi wa Ramadhani. Imakulata alipita nyumba thelathini, akarudi na kumi na moja, kumi na mbili, kumi na moja, kumi. Dokta Asheri alishika kichwa. Mtaa mzima una sonona! Alikwishaanza kuandika barua ya kuomba msaada mkoani, Imakulata akamwuliza taratibu, "Dokta, mtu anayeamka saa tisa kula daku, asiyegusa maji mpaka magharibi, umwulize kama amechoka, kama analala vizuri na kama amekula, ulitaka akujibu nini?" Barua ikachanwa. Tangu hapo Imakulata alijua kwamba namba husomwa pamoja na kalenda, na Dokta Asheri alijua kwamba Imakulata hapaswi kudharauliwa, ingawa hakulisema.

Sasa tuje kwa Mzee Uweso.

Mzee Uweso ni fundi baiskeli, na katika mji huu wenye baiskeli nyingi kuliko kunguru, hicho si cheo kidogo. Kibanda chake cha mabati kipo karibu na barabara iendayo Usagara. Ni Mzigua. Kwa hiyo yeye na Imakulata ni watani, na asiyejua utani wa Mzigua na Mnyamwezi angepita pale angeita polisi. Imakulata alipomwamkia shikamoo, Mzee Uweso hakuitikia hata siku moja. "Peleka shikamoo yako kwa ng'ombe wenu!" ndiyo marahaba yake. Na kila alipovua ndala aingie kibandani, akitoka anakuta moja haipo. Mzee anaendelea kukaza spoku, anajitia hamnazo. Mpaka anunuliwe kahawa na kashata ndipo ndala inatokea, mara ndani ya tairi, mara juu ya bati. Huwezi kukasirika. Mtani akikukasirikia ameuvunja utani, na hiyo ni aibu kubwa kuliko kwenda nyumbani pekupeku.

Utani huo Imakulata aliurithi kwa mjomba wake, Tadeo. Tadeo na Uweso walikaa kibanda kimoja miaka thelathini na mmoja, mabenchi mawili yanatazamana, wakitukanana toka asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Wateja walikuwa wanatoboa matairi yao wenyewe wapate sababu ya kwenda kusikiliza. Mwaka uliopita Tadeo akafa, ghafla, tumbo tu. Na Mzee Uweso akaja kufanya kazi ya mtani msibani. Alivaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake wa kuchechemea, na kaburini akakaa pembeni ya shimo, miguu inaning'inia, akasema hafukiwi mtu hapa mpaka marehemu arudishe pampu aliyoazima kwake. Padri alicheka mpaka akavua miwani. Wafiwa walimpa kuku na ile pampu, ndipo akasimama. Watu walisema msiba ule ulipata mtani wa kweli. Akachukua pampu yake, akaenda nyumbani, na hakuna aliyempa pole. Nani ampe pole mtani?

Basi, siku Imakulata alipofika kibandani na karatasi, Mzee Uweso alifurahi kama aliyeletewa mchezo mpya.

"Uliza, Mnyamwezi! Uliza nikupe!"

"Wiki mbili hizi umekosa raha ya kufanya mambo?"

"Kila siku. Raha nitaipata wapi na mtaa umejaa Wanyamwezi?"

Vijana wawili waliokuwa wanangoja kuzibiwa pancha wakaangua kicheko.

"Usingizi?"

"Silali. Nikifumba macho naiona sura yako."

"Chakula?"

"Hakipiti. Mmekimaliza sokoni."

"Unajiona umeshindwa, au umeiangusha familia yako?"

"Kila siku iendayo kwa Mungu, tangu nilipokubali kukaa jirani na nyie."

Imakulata naye alikuwa anacheka, na huku mkono unaandika. Karatasi ilisema andika kama mtu alivyojibu, naye aliandika: tatu, tatu, tatu. Alipofika la tisa alishusha sauti, lakini mzee hakushusha ya kwake. "Afadhali nife? Kila nikikuona unakuja na huo mwavuli!" Tatu. Akajumlisha hapo hapo kwenye goti. Ishirini na saba juu ya ishirini na saba. Akanunua kahawa, akaokoa ndala yake, akaenda zake.

Kosa lake lilikuwa kuiweka karatasi ile mezani kwa Dokta Asheri pamoja na nyingine, na kwenda nyumbani kupika. Alidhani dokta ataona ni utani. Dokta aliyeletewa namba tupu angeonaje? Nusu saa baadaye bajaji ya zahanati ilikuwa inakata mitaa, taa zinawaka mchana, ndani wauguzi wawili na dokta mwenyewe. Na kwa kuwa Dokta Asheri ni mtu wa kutunza siri za wagonjwa, hakutaka kulitaja jina la mtu mbele ya watu. Alisimama katikati ya barabara akapaza sauti: "Ishirini na saba yuko wapi?"

Ishirini na saba alikuwa kibandani, mdomo umejaa kashata.

Mtaa ulicheka wiki nzima. Imakulata alipewa onyo, Dokta Asheri alirudi zahanati kichwa chini, na Mzee Uweso akapata jina. "Ishirini na Saba, nipigie pampu!" "Ishirini na Saba, umelala leo?" Wanawake walipopita na ndoo walimwita hivyo, wapiga soga wa kahawani walimwita hivyo. Yeye aliyezoea kutania, kwa mara ya kwanza alitaniwa na watu wasiokuwa watani wake. Alicheka nao siku mbili tatu. Halafu akaacha.

Baada ya wiki mbili Imakulata alirudi na karatasi mpya, kama alivyoagizwa. Alivua ndala mlangoni, akaingia.

"Shikamoo, Mzigua."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Imakulata alisimama na mwavuli wake kama aliyekosea nyumba. Mzee alimpa kiti. Hapakuwa na mteja, na baiskeli mbili zilikuwa zimepinduliwa bila kuguswa. Akauliza swali la kwanza. "Hapana." La pili. "Hapana, mwanangu." Usingizi? "Nalala." Chakula? "Nakula, alhamdulillahi." Yote tisa, hapana, hapana, kwa adabu, macho kwenye sakafu. Jumla sifuri.

Akatoka. Ndala zake zilikuwa mlangoni, zote mbili, zimekaa sambamba kama alivyoziacha. Imakulata alizitazama, na hakujua amweleze nani jambo lenyewe.

Alimweleza Dokta Asheri, maana hakuwa na mwingine.

"Sifuri!" dokta alisema, na uso wake ulichanua kwa mara ya kwanza tangu habari ya bajaji. "Kutoka ishirini na saba mpaka sifuri. Tunafunga faili."

"Dokta, ile ishirini na saba alikuwa mzima. Hii sifuri ndiyo mbaya."

"Mbaya kivipi?"

"Ameniitikia shikamoo."

Dokta Asheri aliweka kalamu chini. "Dada Imakulata. Unataka niandike nini kwenye rejista? Kwamba mgonjwa ameitikia salamu?"

"Ndiyo. Na ndala zangu hakuzichukua."

"Hakuna sehemu ya ndala humu," dokta alisema, na kwa kweli hapakuwa nayo. Faili likafungwa.

Usiku ule maandazi aliyokaanga Imakulata kwa ajili ya watoto yaliungua yote, na ni mtu aliyekaanga maandazi miaka kumi na minne. Ilimuuma kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeipeleka ile karatasi mezani. Yeye ndiye aliyempa mzee lile jina. Na jambo lingine lilimchoma zaidi: kati ya majibu yale ya kejeli, silali, sili, sina raha, huenda kulikuwa na ya kweli, na yeye alikuwa anacheka. Mtu akitaka kuficha jiwe halisi, si atalitupa kwenye lundo la mawe?

Asubuhi alikwenda kibandani bila karatasi. Aliuacha mkoba nyumbani, akaacha na mwavuli. Alikwenda kama mtani.

Mzee Uweso alikuwa amekaa kwenye benchi lake, anatazama benchi la Tadeo. Imakulata hakumwamkia. Aliingia na ndala zake miguuni, akashika kiuno, akapaza sauti kama wapazavyo watani msibani:

"Haya! Nimesikia Mzigua amekufa, nimekuja kurithi kabla ndugu zake hawajafika! Spana hizi zangu. Jeki hii yangu. Nani kaosha maiti hii? Mbona bado inanuka grisi?"

Akachukua spana, akazitia kwenye khanga. Akachukua gundi. Mzee alimwangalia tu. Jasho lilianza kumtoka Imakulata, kwa kuwa utani wa mtu mmoja ni kama kucheza ngoma bila mpigaji. Akaona amebaki na kitu kimoja. Juu ya msumari, nyuma ya benchi la Tadeo, ilitundikwa ile pampu. Tangu msiba haikuguswa. Kijana mmoja aliwahi kuinyooshea mkono akarushiwa nyundo.

"Na pampu hii," Imakulata alisema, akaitungua, "hii ya mjomba wangu, naipeleka Tabora ikawapulizie ng'ombe!"

Alingoja tusi. Alingoja nyundo. Mungu wangu, alivyoingoja ile nyundo.

"Chukua," alisema Mzee Uweso. "Chukua tu, mwanangu. Chukua na baiskeli yangu. Mimi sina kazi navyo tena."

Imakulata aliishusha pampu polepole. Akazimwaga spana chini, akakaa kwenye benchi la Tadeo. Utani ulikuwa umefika mwisho wake, na alijua kabisa kilichobaki ni kuuliza.

"Mzee Uweso. Lile swali la tisa."

Mzee aliinama akaokota spana moja. Nje baiskeli ilipita ikipiga kengele.

"Siku kadhaa," alisema. "Si kila siku. Siku kadhaa."

Aliyasema mengine pia, moja moja, bila kuulizwa kwa mpangilio. Kwamba tangu Tadeo aondoke haamki akiwa na sababu ya kuamka. Kwamba usiku anakodoa macho mpaka alfajiri. Kwamba siku ya mazishi alitaka kulia, ilimjia pale pale miguu ikiwa ndani ya shimo, na watu wote wanamtazama wanangoja kichekesho. Akawapa kichekesho. Akarudi nyumbani na pampu, na kilio kikawa kimekwisha muda wake.

"Yakhe, mtani akilia msibani nani atawachekesha wafiwa?" aliuliza. "Halafu baada ya msiba nani ana habari na mtani?"

"Mimi," Imakulata alisema. "Mimi nilikuwa mfiwa, na wewe ulikuwa mfiwa, na mimi ndiye niliyekupa kuku. Pole, mzee wangu. Pole sana kwa Tadeo."

Neno lenyewe lilichelewa mwaka mzima na miezi miwili. Mzee Uweso aliliitikia kwa kufunika uso na khanga ya Imakulata iliyokuwa na gundi, akalia kama walavyo kiapo watu wa zamani, kwa nguvu zote. Imakulata hakumbembeleza. Alisogeza kiti akaziba mlango kwa mwili wake, na kwa mara ya kwanza alimshukuru Mungu kwa yale maandazi yote aliyokula, kwani hakuna mpita njia aliyeona ndani.

Alijumlisha kichwani. Raha, tatu. Huzuni, mbili. Usingizi, tatu. Uchovu na chakula, mbili mbili. Kujiona ameshindwa, tatu. Akili kutotulia, moja, mwili mzito, moja. La tisa, moja. Akapiga simu hapo hapo, bila kutoka mlangoni.

"Kumi na nane," alisema.

"Jana sifuri," Dokta Asheri alisema upande wa pili.

"Jana alinijibu kama mgeni. Leo amenijibu mimi. Njoo, dokta, na nakuomba kwa jina la Yesu, usije na bajaji."

Dokta Asheri alikuja kwa baiskeli ya kuazima. Njiani alitoboa tairi, wengine husema alilitoboa mwenyewe, na aliingia kibandani akiisukuma kama mteja yeyote. Walizungumza kwa saa mbili mlango umerudishwa. Mzee alikubali kwenda naye hospitali kubwa, alikubali dawa, na alikubali mtoto wa dada yake aje akae naye nyumbani kwa muda. Alikubali kwa sharti moja, kwamba asiitwe kwa namba.

Namba zenyewe zilishuka kwa mwendo wa mzee, si kwa mwendo wa dokta. Kumi na nane ikawa kumi na sita. Ikapanda kumi na saba mwezi ulipotimia mwaka na nusu tangu Tadeo afe, na Dokta Asheri akaingiwa na hofu, na Imakulata akamwambia aangalie kalenda. Kisha kumi na mbili. Kisha tisa, na swali la tisa likarudi sifuri, likakaa hapo. Kila baada ya wiki mbili Imakulata alifika, akavua ndala mlangoni, akauliza. Mzee alijibu kweli, kwa ufupi. Na kila alipotoka, ndala zilikuwa zote mbili. Hakumwambia mtu, lakini alikuwa akizitazama kabla ya kuitazama karatasi.

Juzi alipofika, kibanda kilikuwa na wateja watatu. Mzee alikuwa ameinamia gurudumu, ile pampu ya msibani mkononi, anapuliza.

"Shikamoo, Mzigua."

Alipuliza mara nne zaidi, akabonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Nani kamfungulia Mnyamwezi?" aliwauliza wateja. "Si niliwaambia mumfunge kamba?"

Imakulata aligeukia ukutani akajifanya anatafuta kalamu. Walingoja wateja waondoke, ndipo wakafanya maswali. Usingizi? "Nashtuka alfajiri, siku kadhaa. Hilo la kweli, andika." Kujiona umeshindwa? "Nilishindwa siku moja tu, ile niliyokuacha uzitie spana zangu kwenye khanga." Imakulata aliandika sifuri, akamtazama usoni kuhakikisha, akaiacha. La tisa mzee hakulifanyia mzaha. "Hapana," alisema, akimwangalia. "Hilo hapana, mwanangu. Wallahi."

Jumla sita.

"Toka ishirini na saba mpaka sita," alisema mzee, akirudi kwenye gurudumu lake. "Mmenishusha cheo."

Imakulata alikunja karatasi, akaaga, akatoka mlangoni. Jua lilikuwa kali na lami ilikuwa inachoma. Pale chini palikuwa na ndala moja, ya kushoto.

Hakuitafuta wala hakununua kahawa. Alivaa ile moja, akaenda hivyo hivyo mpaka zahanati, mguu mmoja unarukaruka juu ya lami, anacheka na machozi yanamtiririka, na watu wa Mabawa wakisimama kumtazama. Dokta Asheri alikuwa mezani na rejista yake.

"Mzee Uweso?" aliuliza.

"Sita."

Dokta aliandika sita. Kisha akainua macho, akaiona miguu yake, akaitazama kwa muda. Akaichukua tena kalamu, na pembeni ya namba ile, nje kabisa ya mstari, akaandika kwa herufi nzuri: ndala moja.